Askari Mlaji wa Mapafu

Mwaka jana katika mwezi wa Julai, siku zile ambazo umande huganda asubuhi juu ya majani ya viazi hata ukadhani pamemwagwa chumvi, alifika ofisini kwetu hapa Njombe mama mmoja kutoka Makambako. Alitaka cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Alifuatana na mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 26 hivi, utingo wa malori ya mbao. Tulipokwisha kuamkiana, nami nikiwa natafuta jina la mtoto kitabuni, mama akasema:

"Mwanangu, wewe ulisomea ualimu. Hebu nieleze kwa nini dada wa kliniki anampigia simu huyu mdogo wako kila siku. Amemeza dawa za kifua miezi miwili. Kikohozi kimekwisha, amenenepa, anapakia mbao. Mtu aliyepona, dawa za nini tena?"

Kijana alitazama chini. "Nimepona, kaka," akasema. "Na vidonge vile vinanisumbua tumbo. Hata mkojo unatoka mwekundu."

Sikuwa na jibu la maana. Nilijua kwamba dawa za kifua kikuu humezwa miezi 6, kama ajuavyo kila asomaye matangazo ya ukutani, lakini kwa nini iwe miezi 6 wala si 2, hilo sikulijua. Nilimwambia tu, "Amalize, mama," nalo ni neno lisilomshawishi mtu. Walipokwisha kwenda niliona haya. Nikamfuata rafiki yangu mmoja aliye tabibu, nikamwuliza, kisha nikasoma. Niliyoyapata ndiyo haya ninayowaandikia, ndugu wasomaji, kwani naamini mama yule si peke yake mwenye swali hilo.

Katika mwili wa kila mmoja wetu zimo chembe ndogo, au seli kama wasemavyo wataalamu, ziitwazo makrofaji. Jina hili limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni mlaji mkubwa. Ukubwa wenyewe ni wa kulinganisha na chembe nyingine tu, maana makrofaji 50 hivi zikipangwa mstari mmoja ndipo zitimize milimita 1. Nyingi huzaliwa katika uboho ulio ndani ya mifupa, zikatembea katika damu siku chache, kisha zikaingia katika nyama za mwili na kufanya makao. Nyingine zimo humo tangu mtu alipokuwa tumboni mwa mama yake. Ziko katika ini, katika wengu, katika ngozi, hata katika ubongo. Zile zinazotuhusu leo hukaa ndani ya vifuko vidogo vidogo vya mapafu, mahali pumzi inapokutana na damu.

Kazi yake kubwa ni kula. Haina mdomo, hujinyoosha kama ute, ikakizunguka kitu pande zote na kukimeza. Kitu kilichomezwa hujikuta kimefungiwa katika kifuko ndani ya chembe, ndipo vifuko vingine vyenye maji makali vinapokuja kuungana na kifuko hicho, na mfungwa akayeyushwa. Katika wengu na ini chembe hizi hula chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambazo maisha yake ni siku 120 hivi, na chuma kilichomo hukitoa kitumike tena kutengeneza damu mpya. Ni kama mama wa nyumbani asiyetupa kitu.

Katika mapafu hula vumbi, masizi na vijidudu. Hapa niseme neno kidogo juu ya majiko yetu. Sisi tukaao katika baridi ya Njombe twapenda kuota moto wa kuni, milango imefungwa, moshi umetanda hata hujui aliyeketi mbele yako ni nani. Atakayetazama kwa darubini makrofaji kutoka katika mapafu ya mtu aliyevuta moshi huo miaka mingi ataziona zimejaa masizi meusi. Na chembe iliyoshiba masizi hulegea katika kuua vijidudu. Vumbi la mawe ya migodini ni baya zaidi, kwa kuwa chembe ikilimeza hufa, na vumbi likatoka likamezwa na nyingine, nayo ikafa. Wako wazee wa nyanda hizi za kusini waliokwenda ujana wao kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na wachimbaji wengi wa huko waliupata ugonjwa wa kifua kikuu kwa sababu vumbi lilikuwa limekwisha kuwaulia askari wao wa mapafu.

Aliyegundua kazi ya chembe hizi ni mtaalamu wa Kirusi, Ilya Mechnikov. Mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sisilia, nchi ya Italia. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja jamaa zake walikwenda kutazama michezo ya wanyama, yeye akabaki nyumbani na darubini yake akiwatazama watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Watoto hao ni weupe kama kioo, hata ndani yao huonekana. Wazo likamjia. Akachuma miiba ya mti wa waridi bustanini, akawachoma nayo. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi akaona chembe nyingi zimeuzunguka kila mwiba. Wako wakubwa wa elimu waliobisha miaka mingi, lakini mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich aliyechunguza kinga iliyomo katika maji ya damu.

Mwaka ule ule wa 1882, tarehe 24 Machi, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Huyu ndiye Koch aliyekuja baadaye Afrika ya Mashariki, akakaa katika visiwa vya Sese vya Ziwa Viktoria mwaka 1906 na 1907 akichunguza ugonjwa wa malale. Basi katika mwaka mmoja dunia ilioneshwa askari na adui. Ilichukua miaka mingi kufahamu jinsi wawili hawa wanavyoishi pamoja, na hapo ndipo lilipo jibu la mama wa Makambako.

Tuseme mtu mwenye kifua kikuu anakohoa ndani ya basi, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi. Vijidudu hutoka pamoja na matone madogo sana, vikaelea hewani, na abiria mwingine akavuta kimoja au viwili. Vinafika mwisho kabisa wa mapafu, na makrofaji inavimeza mara moja. Kama kingekuwa kijidudu cha kawaida, habari ingekwisha hapo. Lakini hiki kimevaa ngozi yenye nta, tena kina ujanja mmoja: kikisha kumezwa huvizuia vile vifuko vya maji makali visiungane na kifuko kilimofungiwa. Kwa hiyo hakiyeyushwi. Hukaa tumboni mwa askari, kikala chakula chake humo, kikazaa. Huzaa polepole, kimoja kikiwa viwili kwa muda wa saa 20 hivi, na hali vijidudu vingine vya tumboni mwetu vyaweza kufanya hivyo kwa dakika 20. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimo ndani ya mlinzi wako.

Askari huyu hakuachwa peke yake. Ziko chembe nyingine nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni kama wakubwa wa jeshi. Zikitambua kwamba adui amejificha, hutoa dutu iitwayo interferoni gama, nayo ni amri kwa makrofaji: amka, ua ulichomeza. Makrofaji ikipata amri hiyo hupata nguvu mpya. Hukusanyika nyingi, zikajipanga kulizunguka kundi la vijidudu kama ukuta wa boma, na huko ndani vijidudu hukosa hewa na chakula, baadhi vikafa, baadhi vikalala. Kulala kwao kwaweza kuwa kwa miaka, hata maisha yote. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba kiasi cha robo ya watu wote wa ulimwengu wamekwisha kuingiwa na kijidudu hiki. Hawaumwi, hawaambukizi mtu, na katika kila watu 100 wa namna hiyo ni 5 hadi 10 tu watakaougua siku moja. Waliobaki watazikwa na mfungwa wao akiwa bado kifungoni.

Sindano ya BCG wanayochomwa watoto wetu wakizaliwa, ile iachayo kovu begani, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Iliyomo ni vijidudu hai vya jamii ya kifua kikuu cha ng'ombe vilivyodhoofishwa, na makrofaji huvila, na jeshi likajifunza sura ya adui. Ilitumiwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921. Huwakinga vizuri watoto wadogo na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini, lakini kwa watu wazima kinga yake haitoshi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi nina kovu," akaacha kupimwa.

Sasa turudi kwa yule utingo na miezi yake miwili.

Wakati mtu anapougua, vijidudu vyake haviko katika hali moja. Vingi sana viko katika mashimo ya mapafu penye hewa tele, vinazaana, na hivyo ndivyo vinavyoleta kikohozi, homa na jasho la usiku. Vingine vimo ndani ya makrofaji na katika nyama iliyokufa, vimesinzia. Dawa nyingi huua kijidudu kikiwa kazini; kilicholala hazikioni. Katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa hupewa dawa 4 pamoja, nazo huangamiza lile kundi kubwa la wazi. Kikohozi kinakwisha, chakula kinapanda, mtu anarudi kupakia mbao. Amesema kweli kwamba anajisikia mzima. Lakini wale waliolala wangali wapo, na miezi 4 iliyobaki, ya dawa 2, ni ya kuwangoja waamke mmoja mmoja na kuwaua. Dawa mojawapo, rifampisini, ina sifa ya kukiwahi kijidudu kinachoamka kwa muda mfupi tu; nayo ndiyo inayotia mkojo rangi nyekundu, jambo lisilo na dhara. Nyingine, pirazinamidi, hufanya kazi vizuri mahali penye ukali wa asidi, kama vile ndani ya makrofaji.

Yafaa tujue kwamba habari hii ya miezi 6 haikutoka mbali. Zamani matibabu yalichukua miezi 18, na wengi walichoka njiani. Ndipo Mabaraza ya Utafiti wa Uganga ya Afrika ya Mashariki na Uingereza yalipofanya majaribio katika hospitali za Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, na matokeo ya kwanza yakatangazwa mwaka 1972. Wagonjwa walitibiwa miezi 6 tu. Wale ambao mchanganyiko wao ulikuwa na rifampisini au pirazinamidi, ugonjwa uliwarudia wachache, chini ya mtu 1 kwa 10. Wale waliotibiwa miezi hiyo hiyo 6 bila dawa hizo mbili, uliwarudia zaidi ya mtu 1 katika kila 5. Tofauti hiyo yote ni ya vijidudu vilivyolala. Wagonjwa wa nchi zetu, wakulima na vibarua ambao hatuyajui majina yao, ndio waliouonesha ulimwengu jambo hilo. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mpango huo ukawa mfano kwa nchi nyingine. (Msomaji aulizaye kwa nini ukoma umewekwa pamoja na kifua kikuu ajue kwamba vijidudu vyake ni ndugu, na kile cha ukoma nacho hukaa ndani ya makrofaji.)

Hayo yangetosha kama tungekuwa tunaishi mahali pengine. Lakini tunaishi Njombe.

Ofisini kwetu nina kitabu cha marehemu. Kurasa za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliandikwa na makarani walionitangulia, na mtu akizipitia taratibu huona umri ukirudia rudia: 28, 31, 35, 29. Sababu ya kifo haikuandikwa, au imeandikwa "kifua". Wazee hapa wanajua maana yake.

Virusi vya UKIMWI hushambulia hasa zile chembe za CD4, yaani wakubwa wa jeshi. Huingia ndani yake, vikazaana, vikaziua. Zikipungua, amri haitolewi. Makrofaji zingali zipo, zingali zinameza, lakini hazipati neno la kuua. Boma linalegea na wafungwa wa miaka mingi wanatoka. Tena virusi hivyo huingia hata ndani ya makrofaji zenyewe, nazo hazifi upesi, bali huwa kama ghala la kuvifichia. Kwa ajili hiyo mtu mwenye virusi asiyetumia dawa, hatari yake ya kuugua kifua kikuu ni zaidi ya mara 10 kuliko ya mtu asiye navyo.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta katika mkoa wetu watu wazima 11.4 kwa kila 100 wanaishi na virusi. Ule wa 2022 na 2023 ulikuta 12.7, na hali wastani wa Tanzania nzima ulikuwa 4.4. Mkoa wetu ndio uliokuwa wa juu kabisa. Wapo wanaosoma hesabu hizi wakadhani tunazidi kufa. Sivyo. Sehemu ya sababu ni kwamba tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wenye virusi wanaishi, wanalima chai na parachichi na kusomesha watoto. Na aliye hai huhesabiwa. Lakini hesabu hiyo yaonesha pia ni watu wangapi ambao boma lao linategemea kidonge cha kila siku. Makambako ni njia panda: barabara kuu iendayo Zambia yapita pale, ile ya Njombe na Songea yaanzia pale, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Watu hushuka, hulala, huondoka na kikohozi chao. Umbali wa kutoka pale mpaka Njombe mjini ni kilometa 60 hivi, mwendo wa saa moja ndani ya gari dogo lililojaa.

Liko jambo moja ambalo tabibu rafiki yangu alilikazia sana. Mwenye virusi akiugua kifua kikuu huenda asikohoe sana. Mashimo ya mapafu na makohozi mengi ni alama za vita, na pasipo jeshi hapana vita. Kwa hiyo hatakiwi kungoja majuma 2 ya kikohozi kama wengine. Kikohozi chochote, homa, jasho la usiku au kukonda, ni siku ya kwenda kliniki.

Na kinyume chake hutokea. Mgonjwa huanza dawa za kufubaza virusi, wakubwa wa jeshi wanarudi, amri inatolewa kwa ghafula, na makrofaji zilizokuwa zimezubaa zinaamka zote pamoja. Homa inapanda, tezi zinavimba, kifua kinabana. Jamaa husema, "Dawa hizi zinamwua," wakamshauri aziache. Aambiwe arudi hospitali upesi, wala asiziache mwenyewe, kwa maana kilichomsumbua mara nyingi ni jeshi lake lililorudi kazini. Ndiyo sababu madaktari hutanguliza matibabu ya kifua kikuu, zile nyingine zikafuata baada ya majuma kadhaa. Na mwenye virusi ambaye hana kifua kikuu hupewa dawa za kukizuia, isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, au zile mpya za kumeza mara 1 kwa juma kwa majuma 12, kusudi waliolala wauawe kabla boma halijafunguka.

Nilipokwisha kuyapata haya nilimpigia simu yule mama. Nilimweleza habari za askari aliyemeza adui akashindwa kumwua, naye akacheka, akasema, "Ni kama yule mbwa wetu aliyekula nyama ya mtego." Sijui kama mfano ni sahihi, lakini alielewa. Siku ya tatu yake alimpeleka kijana kliniki mwenyewe, wamefuatana kama mama na mtoto wa darasa la kwanza. Makohozi yalipopimwa vijidudu vilionekana tena. Kwa bahati havikuwa bado vimezoea dawa, maana vingezoea, matibabu yangekuwa mengine, tena mazito. Akaanza upya, kidonge cha kwanza. Alipimwa na virusi pia, kama wapimwavyo wagonjwa wote wa kifua kikuu. Jibu ni lake mwenyewe. Yule mjukuu, ambaye alikuwa bado hajafika miaka 5 na hulala chumba kimoja na mjomba wake, alichunguzwa, akakutwa mzima, akapewa dawa ya kinga.

Kijana alimaliza mwezi wa Januari. Alipita ofisini siku moja lori lao lilipokuja Njombe kuchukua mbao, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nilidhani amekuja kunishukuru, nikajiweka tayari. Kumbe alitumwa na mama yake kuchukua cheti cha ubatizo, walichokisahau mezani kwangu tangu siku ile ya Julai.